Maziwa ya Kumuaga Seva

Ukimtaja Seva kwenye laini zetu za chai, hizi safu za nyumba za wafanyakazi, mtu hajibu kwa mdomo kwanza. Anainua mkono wa kulia, anaupeleka nyuma ya sikio, anafinya jicho moja, halafu ndiyo anasema, "Huyo?" Hata akina mama wanaochuma majani hufanya hivyo wakiwa na vikapu mgongoni. Mimi niliacha zamani. Mimi ndiye niliyemtoa kwa wengine, na aliyemtoa mwenzake hafai kumuigiza.

Seva lilikuwa jina la kazi. Katika voliboli, seva ndiye anayesimama nyuma ya mstari na kuuanzisha mpira kwenda upande wa pili. Kila mchezaji hufikiwa na zamu ya kupiga sevu, lakini kwetu zamu iliyongojewa ilikuwa yake. Wenzetu wakipiga, watu waliendelea kula njugu. Yeye akichukua mpira, njugu zilikaa mkononi. Jina lake la kitambulisho lilisomwa siku ya mshahara tu, na wengi walikuwa wakiuliza huyo ni nani.

Timu ilikuwa ya kampuni, moja ya kampuni za chai za hapa Kericho, na hiyo yatosha. Hapa kwetu mchezaji haandikwi kucheza. Anaandikwa kazi ya chai, anapewa nyumba ya kampuni, na mchana anaruhusiwa kwenda mazoezini. Akiwa mzuri sana anapandishwa cheo, kwa kuwa hakuna njia nyingine ya kumwongezea mshahara. Seva alipandishwa mpaka vyeo vikaisha. Kwenye karatasi alikuwa msimamizi wa stoo ya vifaa. Alilipwa kuliko wasimamizi wenye umati wa wachumaji chini yao, na chini yake yeye kulikuwa na mabuti, mapanga na makoti ya mvua. Kwa miaka mingi hakuna aliyenung'unika. Timu inayoshinda haihesabiwi mishahara.

Mimi niliandikwa karani nikiwa kijana mrefu kutoka upande wa Chepseon, mtoto wa nyumba ya ng'ombe na chai kidogo, nikiamini kwamba urefu ndio mchezo. Seva alinitazama nikiruka, akaniuliza kama kwetu nyumbani kuna benchi. Nikasema lipo. Akasema basi sitapata shida kulizoea la hapa. Tangu siku hiyo nikawa Benchi, na miaka yote niliyovaa jezi niliketi. Sikumchukia. Akipumzishwa alikuja kuketi nami, akaninong'oneza: mwone yule, kabla ya kuruka anaangalia mguu wake, mwone yule mwingine, amechoka lakini anaficha. Ninachojua kuhusu mpira nilimiminiwa pale kando. Nilipofanywa meneja wa timu watu walisema ni kazi yake Seva. Yeye alisema ni kwa sababu katika timu nzima mimi peke yangu sikuwahi kuharibu mechi.

Mbele ya watu aliniita Meneja. Tukiwa wawili, aliniita Benchi.

Sevu yake haikuwa ya nguvu. Vijana wa siku hizi wanakimbia, wanaruka, wanaupiga mpira kana kwamba umewaibia. Yeye alisimama tu. Aliufuta mpira kwenye mkono wa jezi, akaugeuza mpaka pale pa kujazia upepo pamtazame yeye, akaurusha juu kidogo na kuupiga kwa sehemu ngumu ya kiganja, mkono ukakatizwa hapo hapo. Mpira uliondoka bila kuzunguka. Ulipofika juu ya wavu ulikuwa bado haujaamua uende wapi, ukayumba kama mlevi anayeshuka mlima wa matope, na yule aliyejipanga kuupokea akaukuta umeanguka pengine. Nimeona watu wazima wakigombana kwa ajili ya sevu ile, kila mmoja akimwambia mwenzake ulikuwa wako.

"Mpira hauna haraka," alipenda kutuambia. "Haraka ni yako."

Usidhani alikuwa malaika. Umri wake ulikuwa thelathini na nne. Ulikuwa thelathini na nne nilipofika, ulikuwa huo huo nilipooa, na mtoto wangu alipoanza shule Seva alikuwa bado hajaongeza hata mwezi. Ukimwita mzee alikujibu kwamba mzee ni baba yako. Alipaka nywele piko, na mechi ikiwa kali jasho liliishusha hadi ukosi wa jezi, naye akasema ni vumbi la chai. Mchezaji mmoja aliwahi kumuuliza ni kiwanda gani kinatoa chai nyeusi hivyo. Hakupewa pasi mwezi mzima.

Lakini uwanjani hakusema uongo, na hilo lilinisumbua miaka mingi. Kuna nusu fainali tuliyocheza Bomet, seti ya mwisho, pointi zikiwa zimebanana. Adui akapiga, mpira ukatoka nje, refa akatupa pointi. Seva akainua mkono. Akamwambia refa mpira umemgusa yeye ncha ya kidole kabla ya kutoka. Hakuna aliyeona, hata hao adui hawakuona, walikuwa wameshashika viuno. Tukapoteza seti, tukapoteza mechi, na kocha akaenda kukaa peke yake nyuma ya choo. Nikamuuliza Seva jioni ile, mtu anayedanganya umri anashindwaje kudanganya kidole? Akasema umri ni wake mwenyewe, pointi ni ya watu wote.

Stoo yake nayo ilikuwa vituko. Ili akupe mabuti mapya ilibidi uinue mguu juu ya kaunta yake umwonyeshe soli ya yale ya zamani, na kama haijatoboka alikupa hotuba badala ya mabuti. Watu walimsema kwa uchoyo, kana kwamba mabuti yalitoka mfukoni mwake. Halafu ukienda kwa vibarua wa msimu, wale ambao kampuni haikuwahesabia mabuti wala makoti, uliwakuta wote miguuni wana mabuti yaliyotiwa viraka. Viraka vile alivitia mwenyewe kwa gundi ya baiskeli, Jumapili baada ya kanisa, akiimba tenzi za kwao. Nilijua, na ofisini nilinyamaza. Ni moja ya mema machache niliyomfanyia.

Kwao ni upande wa ziwa. Alikuja huku kutafuta kazi kama wengi wa kule, akakaa, na kwa jambo moja alitushinda sisi wenyeji. Jambo lenyewe ni maziwa. Kwetu Wakipsigis, mtu akirudi na ushindi hupokewa na mursik, maziwa yaliyolazwa siku nyingi ndani ya kibuyu kilichosuguliwa kwa mkaa wa mti, mpaka yakachacha na kupata rangi ya majivu. Mkimbiaji akirudi kutoka nje anawekewa kibuyu mdomoni kabla hajasalimia watu. Maana yake ni moja tu: umefika, wewe ni wetu. Timu yetu ilipokuwa ikirudi na kombe, mama yangu alikuwa akitoka Chepseon na kibuyu chake hadi lango la kiwanda, na Seva ndiye aliyekunywa wa kwanza.

Mara ya kwanza alishika pua. Akayaita maziwa ya makaa, akasema kwao mtu akiharibu maziwa hivyo anarudishwa kwa wazazi wake. Mama akacheka mpaka akaketi chini. Baadaye aliyazoea, na akaijua sheria yake kuliko sisi. Mwaka mmoja tulirudi tumepigwa vibaya, na mtu mmoja, kwa huruma tu, akaja na kibuyu kutuliwaza. Vijana wakanyoosha mikono. Seva akakikwepesha. Akasema hii si dawa ya kichwa. Hatujarudi na kitu, irudisheni ikangoje. Wazee wa kwetu waliokuwepo wakatazamana, kisha mmoja akasema huyu Jaluo ametufundisha adabu yetu. Ningekumbuka siku hiyo baadaye, ningejiepusha na mengi.

Mkewe tulimwita Mama Akinyi. Alikuwa mchumaji, mwepesi wa mikono na mzito wa maneno, na nyumba yao ya vyumba vitatu ilikuwa mkahawa wa timu. Nyuma yake alilima sukuma na mboga chungu za kwao. Samaki akitoka Kisumu, harufu ilituita kabla hatujaitwa. Seva aliketi mlangoni na kikombe cha chai, akitazama uwanja ng'ambo ya majani, akawa kama mtu aliyemaliza kujenga. Nyumba haikuwa yake, ilikuwa ya kampuni, ya aliyeajiriwa tu. Lakini alikuwa ameikalia hadi milango ikamjua.

Alitaka kitu kimoja, na alinieleza mimi. Tulikuwa tumeketi kando ya uwanja, wengine wanakunja wavu.

"Benchi, mimi sitaki kombe ingine. Nataka nistaafu kutoka hii stoo. Lori ya kampuni inibebee vitu mpaka kwetu, na watu wasimame kwa barabara wanipungie."

Kampuni hufanya hivyo kweli. Mfanyakazi akimaliza miaka yake, lori la majani huoshwa na kumpeleka kwao na vitanda vyake na kuku wake, na laini nzima hutoka kumuaga. Nikamwambia, "Nikiwa meneja, utatoka hivyo." Hakuna aliyenilazimisha kusema.

Mambo yalibadilika yote pamoja. Mashine za kuchuma chai ziliingia, mashine moja ikifanya kazi ya kundi zima la watu, na nyumba zikaanza kubaki tupu. Bosi mpya alikuja, mtu wa kalamu. Timu ilikuwa imezeeka, tulikuwa tumeshuka hadi katikati ya ligi, na alipoona mshahara wa msimamizi wa mabuti aliuliza mara mbili kama si makosa ya kuandika. Akaniita. Akasema tujenge upya, tuanze na vijana, na mshahara huo mmoja utawalisha vijana watatu. Hakuwa mtu mbaya. Nilitafuta ubaya wake wakati ule ili nijipunguzie wangu, sikuupata.

Na kwa upande wa mchezo hakukosea. Nilikuwa nimeona. Seva alikuwa akiinua kikombe kwa mkono wa kushoto. Mama Akinyi alikuwa akimkanda bega kila jioni kwa taulo iliyochovywa maji moto, na kwenye mechi alianza kuomba apige sevu chache, abaki anapokea. Aliniambia ni baridi. Kericho kuna baridi, nikakubali kuwa ni baridi.

Huko Mulot, kwenye barabara ya Bomet kwenda Narok, kulikuwa na tajiri mwenye kinu cha unga na malori, naye alikuwa na timu yake. Alikuwa na vijana wawili warefu ambao hakujua awafanyie nini, na alichokitaka yeye ni jina, mtu ambaye watu wa Mulot watalipa kuja kumwona. Bosi akasema tubadilishane. Mwenye kinu akasema hanunui ng'ombe kwa kusikia sauti yake zizini, atakuja amwone. Mimi ndiye niliyepanga siku ya kumwona.

Sasa nifike pale ninapopaogopa. Asubuhi ya siku ile nilikwenda stoo nikamwambia Seva kuna mgeni anakuja mazoezini, mpenzi wa voliboli, amwonyeshe kidogo. Akauliza kama ni mtu wa maana. Nikasema ni mtu wa maana. Sikusema zaidi. Alifurahi. Alidhani ni mtu wa kampuni kutoka Nairobi aliyekuja kuamua kama timu iendelee kuwepo, na kwamba nimemchagua yeye aiokoe. Sikumwambia hivyo, ila nilimwona akidhani, nikamwacha.

Kulikuwa na manyunyu. Mwenye kinu alisimama kando yangu chini ya mwavuli. Seva alichukua buti moja la mvua kutoka stoo, akaenda kulisimamisha kwenye kona ya mbali ya upande wa pili, akarudi nyuma ya mstari. Akaufuta mpira, akaugeuza, akaupiga. Buti likaanguka. Akaagiza lisimamishwe kona nyingine, akaliangusha. Akaendelea hivyo, sevu baada ya sevu, mtu ambaye kwa miezi alikuwa akihesabu sevu zake kama mgonjwa anavyohesabu vidonge. Vijana walipiga makofi. Mwenye kinu alifunga mwavuli ili apige makofi vizuri.

Baadaye Seva hakuweza kuvaa koti. Nikamshikilia mkono nikauingiza polepole kwenye mkono wa koti, naye huku ameuma meno alikuwa akicheka.

"Umeona vile mgeni wako amefurahi?"

Nikasema nimeona. Nilipomsindikiza mwenye kinu kwenye gari aliniuliza bega la yule mtu likoje, maana umri si haba. Nikamwambia, "Si umejionea mwenyewe." Akaridhika. Nilivyokuwa nimesimama pale, mchuuzi wa ng'ombe aliyempaka mafuta ng'ombe mgonjwa alikuwa ananizidi uungwana, kwa kuwa yeye hamfanyi ng'ombe ajipake.

Nilimwambia Seva stoo, siku tatu baadaye. Nilisema yote: vijana wawili waje, yeye aende, huko atapewa kazi na nyumba ya kupanga. Alikuwa akikunja koti la mvua, akalikunja mpaka mwisho, akaliweka juu ya mengine na kulinyoosha.

"Kwa hivyo ile siku nilikuwa najiuza," akasema.

Akauliza kuhusu Mama Akinyi. Nikamweleza anachokijua, kwamba nyumba ni ya aliyeajiriwa na iko kwa jina lake yeye. Mkewe anaweza kubaki akichuma, lakini atafute chumba nje ya shamba la kampuni, na kwa hizi mashine hata hapo kwenye kuchuma sina la kuahidi. Akatingisha kichwa kama anayesikiliza habari za watu wa mbali. Stooni tulikuwa sisi wawili tu.

"Sawa, Meneja," akasema.

Wiki ile sikulala vizuri, na mtu asiyelala vizuri hubuni mambo. Nikawaza, huyu mtu lazima aagwe kwa heshima. Cheti hapana, saa ya ukutani hapana. Nitamuaga kwa kitu chetu kikubwa kuliko vyote. Nikaenda Chepseon nikamwomba mama kibuyu cha mursik, kile kirefu chenye ushanga, kwa ajili ya Seva. Mama akachangamka, akauliza ameshinda nini. Nikasema ameshinda. Akakifuta kibuyu kwa kitambaa safi, akanipa.

Jumamosi lori la kuja kumchukua lilikuwa la kinu cha unga, si la kampuni, na lilikuwa na mabaki ya mahindi sakafuni. Vitanda vilipakiwa, na meza, na kikapu cha kuchumia cha Mama Akinyi ambacho alikataa kukirudisha na hakuna aliyethubutu kumdai. Laini nzima ilitoka. Mbele ya wote nikasema maneno mazuri, siyakumbuki, kisha nikampa kibuyu. Seva alikitazama kwa muda mrefu. Akanitazama mimi. Akakiinua kwa mkono wa kushoto, akajaza mdomo, akanirudishia, akapanda lori bila kusema neno. Watu wakapiga makofi na akina mama wakapiga vigelegele. Nilifurahi. Ni aibu kusema, lakini nilirudi nyumbani nimefurahi, nikiamini nimefanya jambo la heshima.

Mama ndiye aliyeniondolea furaha hiyo. Nilipomrudishia kibuyu nilimweleza yote. Alikuwa akikamua, akaendelea kukamua.

"Ulimpatia akienda?"

Nikasema ndiyo, ili kumuaga.

"Maziwa ni ya mtu akirudi," akasema. "Wewe umefukuza mtu na maziwa."

Tangu hapo, kwa muda mrefu alikuwa akinipa chai bila kuniuliza habari za mpira.

Wale vijana wawili walikuwa wazuri. Msimu uliofuata tulipanda, na ule wa pili tulichukua kombe, na watu walinipa mkono wakisema nina jicho. Jicho lenyewe nilipewa na nani, sikueleza. Mmoja wa vijana alipewa nyumba ya Seva. Aling'oa sukuma na mboga chungu ili apate pa kuegesha pikipiki. Ni kijana mwenye heshima, hajui kitu, na kila akinisalimia namwitikia kwa kuchelewa. Siku tuliyochukua kombe mama hakuja langoni. Alimtuma mtu na kibuyu, sote tukanywa, na nilipofikiwa nilisema nina kidonda cha tumbo.

Habari za Mulot zilikuja kwa madereva. Bega lilikuwa limeisha kabla ya msimu kufika nusu. Mwenye kinu alijiona ametapeliwa, na kwa haki, lakini hakumfukuza. Alimweka kwenye lango, afungulie malori. Kila aliyeniletea habari hiyo aliisema kwa sauti ya kawaida, kama habari za mvua. Nami nilizipokea hivyo hivyo na kurudi mezani. Nilikuwa na gari, Mulot si mbali. Sikwenda mwaka wa kwanza, sikwenda wa pili.

Mwaka huu mama alinipigia simu niende Chepseon. Nilimkuta amekitoa kile kibuyu chenye ushanga, kimejaa, amekifunga kwa kitambaa. Akasema yeye anazeeka na hataki kuondoka na deni la kibuyu. "Peleka. Sema ni ya kufika. Urekebishe."

Mulot jua lilikuwa kali na vumbi la malori ya kwenda Narok lilikuwa halina wakati wa kutua. Nilisimamisha gari mbele ya lango la kinu, na aliyekuja kulifungua alilisukuma kwa mkono wa kushoto. Nywele zilikuwa nyeupe zote. Hakupaka tena. Alichungulia ndani ya gari, akaniona, akasogea ili nipite, akalifunga lango nyuma yangu kama alivyofungia kila mtu.

"Karibu, Meneja," akasema.

Nikashuka. Sikujua nimwitaje. Nikasema, "Habari ya siku nyingi, mzee," na nikataka neno lirudi. Akasema sasa naweza kumwita hivyo, amekubali.

Walikaa chumba kimoja nyuma ya kinu. Mama Akinyi alikuwa akichemsha mahindi ya kuwauzia madereva, na kile kikapu chake cha majani ya chai kilikuwa mlangoni kimejaa magunzi ya kuwashia moto. Aliniita shemeji kama zamani, akanipangusia kiti. Hakuuliza habari za nyumba yao, mimi nami sikuzisema. Tuliongea kuhusu mvua, kuhusu Akinyi aliyeolewa, kuhusu bei ya unga ambayo hata wakazi wa kinuni wanailalamikia. Kinu kilikuwa kikinguruma ukutani, tukawa tunapandisha sauti.

Kisha nikakifungua kitambaa, nikaweka kibuyu mezani. Nikasema mama ndiye amekituma, na kwamba haya si ya kuaga, haya ni ya kufika. Nilikuwa nimeyarudia maneno hayo tangu Bomet.

Seva alikigusa kibuyu ushanga, hakukiinua.

"Ile ya kwanza sikumeza," akasema. "Nilikaa nayo kwa mdomo mpaka tukapita dispensari, nikatema kwa dirisha. Dereva akafikiria naumwa. Nilijua nikimeza, basi nimekubali ilikuwa sawa."

Nikasema haikuwa sawa. Nikasema nisamehe, mara ya kwanza kulitamka neno hilo tangu lori liondoke, na kinu kikalisaga nusu. Akanisikia lakini. Akatingisha kichwa vile vile alivyofanya stooni.

"Umesema hii ni ya kufika," akasema. "Sasa niambie nimefika wapi. Ukiniambia, nitakunywa."

Nikatazama nje nikitafuta jibu. Kulikuwa na lango, na lori likipiga honi lifunguliwe, na ng'ambo ya barabara nyasi kavu hadi mwisho wa macho. Huko nyuma nilikotoka kulikuwa na nyumba ya vyumba vitatu yenye pikipiki kwenye bustani. Nilikuwa nimekuja na kibuyu peke yake. Dereva akapiga honi tena, na Seva hakuinuka.

Mama Akinyi ndiye aliyeinuka. Alichukua kikombe cha bati, akakipangusa kwa leso yake, akamimina. Maziwa yalishuka mazito, ya rangi ya majivu, mama yangu alikuwa ameyatengeneza vizuri kabisa. Akakiweka mbele yangu.

"Maziwa haiwezi kukaa kwa meza hivyo," akasema. "Shemeji, wewe ndio umesafiri. Wewe ndio umefika. Kunywa."

Nilikichukua kwa mikono miwili. Seva hakunitazama machoni. Alinitazama kooni, akangoja mpaka nikameza.